Robo ya Mzunguko

3 Februari

Kwa mpwa wangu Spana,

Salamu kwanza, maneno baadaye. Mimi ni mzima, ukiondoa bega la kulia ambalo siku hizi linanung'unika kila nikishika kitu kizito kuliko kijiko. Aunti yako naye mzima, anauliza kama huko ugenini unakula au unanusa tu. Gereji ipo, mbwa wa gereji yupo, simu ya gereji bado imekufa na sina haja ya kuifufua, maana mteja wa kweli huja kwa miguu yake. Wewe je? Ile mashine yako ya kukereza vyuma haijakunyofoa kidole? Ikikunyofoa, uniandikie kwa mkono uliobaki.

Sasa sikia. Nimemtoa Kobe bandani. Ndiyo, Kobe yuleyule, gari la marehemu mama yako. Miaka kumi na minne amelala chini ya turubai kama mgonjwa asiye na ndugu. Nimemnyoosha bodi, nimempiga rangi ya maziwa kama zamani, injini inawaka kwa mkono mmoja. Nikimtazama pale mlangoni namwona dada yangu asubuhi ile ya mwisho, ameegesha papo hapo, kitambaa cha bluu kichwani, ananipigia honi nitoke nje. Sikuwa na dada mwingine.

Kilichobaki ni usukani. Lile boksi la gia ya usukani nimelifungua garini kama lilivyo, nimelifunga kwa gunia na waya, nikampa dereva wa lori anayekuja huko kwenu. Lifumue lote. Bushi za shaba toa, weka beringi za sindano. Mpira wa kuzuia oili weka wa kisasa. Nataka usukani ambao bega hili bovu litauzungusha kwa kidole kimoja. Hapa hakuna wa kuchonga vitu vya namna hiyo, na wewe nilikulea ili unifae.

Kichekesho cha mwisho. Baba yako (namwita hivyo kwa sababu karatasi zinasema hivyo) alikuja juzi getini na fimbo yake, akaomba anwani yako. Nikamwambia, "Nenda makaburini ukamuulize mkeo." Mafundi walicheka hadi mmoja akaangusha jeki. Naye akaimba wimbo wake uleule: "Shemeji, mimi niliacha nafasi. Upana wa unywele, lakini niliacha." Miaka kumi na minne, wimbo mmoja! Hata redio hubadilisha. Mtu amekaza boksi la mkewe mpaka usukani ukashika kwenye kona ya kiwanda cha matofali, mstari wake mwekundu wewe mwenyewe uliuona kwa macho yako, bado anaimba. Mwenye macho haambiwi tazama.

Lishughulikie mapema.

Mjomba wako


21 Februari

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Mwambie Aunti nakula, tena nimenenepa mpaka ovaroli inalalamika. Vidole vipo vyote kumi. Bega lako lipake kitu cha moto na ulale upande wa pili, usijifanye kijana.

Mzigo umefika Jumanne. Dereva wa lori alivyouona umezungushiwa gunia na waya aliniuliza kama ni kichwa cha ng'ombe. Nimeuweka juu ya meza yangu ya kazi, karibu na dirisha, na kila anayepita anauliza ni dude gani. Nawaambia ni urithi.

Huku bado wananicheka kwa ajili ya rangi. Kila nati ninayoikaza naichora mstari wa kijani, nusu kwenye nati, nusu kwenye chuma kilichoishika, kama ulivyonifunza nikiwa na miaka kumi. Safisha kwanza, kausha, ndipo upake. Anayekaza mwisho ndiye anayepaka. Njano yako, nyekundu ya yule mtu, kijani changu. Msimamizi wangu alinicheka kuliko wote, mpaka siku mstari wangu ulipokatika ukaonyesha kwamba nati ya mashine yake imelegea na ingemrukia usoni. Sasa amenunua kikopo cha bluu.

Mstari mwekundu bado uko juu ya boksi. Nimeutazama muda mrefu kuliko nilivyotaka. Nikawa tena na miaka kumi na mitatu, siku ya pili baada ya maziko, wewe umenishika mkono, umeinua boneti iliyojikunja, unaniambia, "Tazama mwenyewe. Rangi haisemi uongo." Toka siku ile sikumwita baba tena. Alipokuja kituoni siku naondoka, nilivuta pazia la basi.

Na anwani yangu anayo tangu mwaka jana, usimsumbukie, labda alidhani nimehama. Aliipata kwa yule mshonaji jirani yake. Ameniandikia barua tatu. Ya kwanza niliirudisha bila kuifungua. Ya pili niliandika juu yake, "Aliyeandikiwa amekufa." Ya tatu niliichana vipande vidogo bila kuisoma, nikavitia vyote kwenye bahasha mpya nikamrudishia, asije akasema nimemwibia karatasi. Hilo jibu lako la makaburini nilicheka, kisha nikaona aibu kidogo, kisha nikacheka tena.

Nitaanza boksi wiki ijayo.

Mpwa wako,
Spana


9 Machi

Kwa mpwa wangu Spana,

U hali gani? Sisi wazima. Bega nimelipaka, sasa linanuka na bado linauma, yaani nimepata hasara mbili.

Hiyo ya vipande vya karatasi! Niliisoma kwa sauti gerejini wakati wa chai. Fundi wa breki alilia machozi. Kweli nimekulea, damu yangu hii haijachanganywa na maji. Aunti yako peke yake ndiye aliyekunja uso, akasema mtoto hapaswi kumfanyia mzazi hivyo. Nikamwambia yeye ashike mwiko, mambo ya gereji atuachie.

Kuna habari ambayo nakufikishia ili kesho nisiambiwe nilificha. Yule mshonaji amekuja hapa. Anasema yule mtu alianguka bafuni kwake, upande mzima wa kushoto umekufa, mdomo nao umekwenda kando. Sasa akijaribu kusimama anazunguka palepale kama gari lililoshika breki ya tairi moja. Mshonaji ndiye anayemlisha. Eti ameomba neno moja tu kutoka kwako, hata liwe baya. Nikamwambia mshonaji kwamba maneno mabaya alishapelekewa bahasha nzima. Basi, nimefikisha. Sahau.

Turudi kwenye la maana. Usijichoshe kulisafisha boksi kwa nje. Piga brashi kidogo, kile chuma kimezoea uchafu wake. Anza ndani moja kwa moja, kazi iko ndani. Aunti yako ameanza kujifunza kuendesha, unamwona mtu mzima huyo? Anasema siku Kobe akitoka, yeye ndiye wa kwanza kushika usukani, kwa sababu mimi bega sina. Kwa hiyo lifanye jepesi, lakini lisichezecheze. Unajua nisichokipenda maishani ni usukani unaocheza.

Mjomba wako


2 Aprili

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima. Mpongeze Aunti, mwambie aogope kona na asiogope honi.

Kazi inakwenda. Bushi za shaba zilikuwa zimelika upande mmoja, nimezisukuma nje na kukereza matundu yakae sawa kwa beringi za sindano. Mhimili unaotoka chini nimeuchonga mpya kwa chuma kigumu, umeng'aa mpaka ukitaka kujitazama meno unajitazama. Mpira wa oili nimeupata. Kitu kimoja tu kimenishinda, ile parafujo kuu ya ndani, ile inayozunguka pamoja na usukani. Haipatikani popote na mashine yetu haiwezi kuikata. Itabidi irudi ileile.

Nayo ina ugonjwa uleule wa magari yote ya umri wake. Meno ya katikati yamelika, ya pembeni ni mazima kama jana. Gari maisha yake yote linakwenda mbele, kona ni chache, kwa hiyo linalika pale linapotumika. Ukikaza ile skrubu ya juu, ile yenye nati, mpaka nafasi ya katikati iishe kabisa, usukani unakuwa mtamu ukiwa barabara iliyonyooka. Ukikata kona, meno mazima yanabana, usukani unashika, hautaki kurudi. Ndiyo maana fundi mwenye akili huacha nafasi kidogo katikati. Upana wa unywele, tuseme.

Samahani, ule ushauri wako wa kutoliosha ulinikuta nimeshaliosha. Unajua nilivyo. Tarehe 12 mwezi uliopita nilililoweka kwenye mafuta ya taa, na mstari mwekundu ulibanduka wote kama ganda la kitunguu. Nikashangaa kidogo.

Sasa nina swali, na unijibu vizuri kwa sababu naandika kadi ya kazi na huku hawapokei boksi lisilo na historia. Nani alilikaza mara ya mwisho, na siku gani? Je, Mama alipita gereji asubuhi ile? Wewe uliwahi kuligusa? Jibu kama lilivyo, usinifiche hata dogo.

Na yule mtu, anaendeleaje? Nauliza tu.

Mpwa wako,
Spana


20 Aprili

Kwa mpwa wangu Spana,

Natumaini u mzima. Sisi wazima, ila barua yako iliniharibia chai. Nilikwambia usilioshe, wewe umeliosha bila hata kuningoja. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wewe una miguu miwili tu.

Kadi ya kazi, kadi ya kazi! Siku hizi chuma nacho kina cheti cha kuzaliwa? Haya, andika. Boksi lilikazwa na yule mtu, nyumbani kwake, Jumamosi. Jumatatu ndiyo siku yenyewe. Mama yako hakupita gereji siku ile. Alitoka nyumbani moja kwa moja mpaka kwenye kona ya kiwanda cha matofali. Mimi nilikuwa sijamtia machoni tangu wiki iliyotangulia, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba hata kumuaga sikumuaga. Boksi lile mkono wangu haujawahi kuligusa, isipokuwa juzi nilipolifungua garini kukutumia. Naapa kwa kaburi la dada yangu. Andika hivyohivyo, na ukitaka piga muhuri.

Rangi kubanduka si ajabu. Rangi yake ilikuwa mbaya kama kazi yake.

Halafu kuna jambo dogo. Yule mtu amefariki tarehe 11 mwezi huu. Niliambiwa siku ileile, ila nikaona nisikukatize. Beringi za sindano zinataka mkono uliotulia na mimi namjua mpwa wangu, ungeanza kuwaza. Wamemzika kesho yake, mshonaji na watu wawili watatu wa mtaa wao. Mimi sikwenda, bega. Aunti yako alikwenda kwa siri, akafikiri sitajua, viatu vyake vilikuja na udongo mwekundu wa kule.

Mshonaji anasema siku zake za mwisho alikuwa anataka kugeuzwa kila asubuhi atazame mlango, mpaka tarishi apite. Akishapita, anageuzwa tena atazame ukuta. Watu wengine bwana, hata kufa wanafanya mchezo wa kuigiza. Amekuachia kikopo chake cha rangi nyekundu na brashi. Rangi imekauka kama mawe. Nimekitupa, kisikujazie mizigo.

Boksi litakuwa tayari lini?

Mjomba wako


7 Mei

Mjomba,

Shikamoo nimeiandika mara tatu na mara tatu nimeikata. Leo utasoma bila hiyo.

Boksi liko tayari. Kabla hujalishangilia, soma hadi mwisho.

Tarehe 12 Machi, nyekundu ilipobanduka, ilibanduka kwa sababu ilipakwa juu ya oili. Aliyeipaka alikuwa na haraka, hakusafisha. Chini yake kulikuwa na mstari mwingine, umepakwa juu ya chuma kisafi, mafuta ya taa siku tatu hayakuufanya kitu. Wa njano. Umenyooka kama ulivyonifunza kunyoosha. Na robo ya mzunguko nyuma yake, kwenye chuma, kulikuwa na nusu ya mstari mwekundu mwingine, wa zamani, nao mgumu, umepakwa pasafi. Nusu yake nyingine iko juu ya nati na imesogea pamoja nayo. Maana yake hata mtoto wa miaka kumi anaisoma. Baba alikaza, akaacha nafasi, akapaka. Baada yake ukaja wewe, ukaongeza robo, ukapaka njano kwa mazoea. Na baada ya ajali ukapaka nyekundu juu ya njano, kesho yake ukanishika mkono ukaniita nije kutazama.

Nilikuwa nimekutegea. Katika barua yako ya Februari, uliposahau kuwa mwongo, uliniandikia kwamba asubuhi ile ya mwisho Mama aliegesha mbele ya gereji na kitambaa cha bluu, akakupigia honi utoke. Mwezi wa nne umeapa kwa kaburi lake kwamba hakupita. Najua alichokuja kusema. Alikuja kusema usukani unacheza, mume wangu amekataa kuukaza. Nawe ukamwambia mumeo mwoga. Hilo silioni kwenye chuma, lakini nimeishi nyumbani kwako miaka minane na najua unavyosema neno mwoga.

Kukosea kukaza si dhambi, Mjomba. Mafundi wote tumewahi kukosea. Ungesema siku ile tungelia pamoja, sote watatu. Badala yake ukamvika Baba kifo cha mkewe, ukamfanya kichekesho cha wakati wa chai. Miaka kumi na minne alikuja getini kukwambia ukweli, akiwa anakwambia wewe, mtu pekee duniani aliyekuwa anaujua tayari. Hata hakuwahi kukutaja. Alisema tu aliacha nafasi. Sijui kama alikuwa hajui kwamba ni wewe, au alijua na akaona aibu kusema.

Lakini sikuandikii kukuhukumu wewe peke yako, maana na mimi nina hesabu yangu. Barua kutoka huku hadi huko ni siku kumi na mbili. Niliuona mstari wa njano tarehe 12 Machi. Ningekaa jioni ile nikaandika neno Baba, neno hilo moja, angelipokea tarehe 24, akaishi nalo siku kumi na nane. Ulipokuja ujumbe wako wa kuanguka kwake nilikuwa nimeshajua, na bado sikuandika. Nilitaka kwanza uungame kwa mkono wako, nimpelekee karatasi yako kama zawadi. Nilitaka kukunasa. Niliona niko mjanja. Yeye anageuzwa atazame mlango, mimi nakaa huku natunga swali la kadi ya kazi. Hakuna kadi ya kazi, Mjomba. Kitu cha mwisho alichopokea kutoka kwangu ni vipande vya barua yake mwenyewe. Labda alivipanga mezani kwa mkono mmoja. Sijui aliandika nini ndani na sitajua mpaka nife.

Kile kikopo ungeniachia. Hata kikiwa mawe.

Sasa boksi. Beringi mpya, mhimili mpya, mpira mpya, na parafujo kuu ileile iliyolika katikati. Nimelikaza mwenyewe nikaacha nafasi. Usukani utausikia unalegea kidogo sana ukiwa barabara iliyonyooka. Hiyo si kasoro. Ndiyo nafasi ileile ya Baba, nimeipima kwa mstari wake wa zamani, alikuwa sawasawa kabisa. Usiiguse ile skrubu. Nakuomba kwa uhai wa Aunti, usiiguse.

Kwa sheria uliyonifunza ningepaka kijani kwa sababu mimi ndiye niliyekaza mwisho. Sikupaka. Mistari yote ya zamani nimeisugua, pamebaki chuma cheupe, kisafi, kinakungoja. Chukua kikopo chako cha njano, upake mstari mmoja, kisha uniandikie kwamba umepaka. Sitaki maelezo, sitaki kilio. Ukipaka njano nitajua umekiri, nitakuja, tutakwenda kwa mshonaji mimi na wewe, na kutoka kwa mshonaji tutakwenda kaburini. Ukipaka nyekundu, sina mjomba. Uamuzi ni wako na rangi ni yako.

Spana


2 Juni

Kwa mpwa wangu Spana,

Salamu nyingi za upendo. Sisi wazima kabisa, na bega nalo limeona aibu limepona nusu. Natumaini na wewe umetulia.

Barua yako niliisoma mara moja nikawashia jiko la chai. Msiba huchanganya kichwa, hata msiba wa mtu asiyestahili kuliliwa. Umesema maneno makubwa kwa mtu aliyekulisha miaka minane. Nimekusamehe. Aunti yako sikumsomea, nilimwambia umesalimu na umemwombea safari njema.

Boksi limefika salama na nasema ukweli, kazi yako ni kazi. Sijawahi kuona beringi zimekaa namna ile. Nililifunga Alhamisi, Ijumaa nikamshusha Kobe kwenye jeki, tukamzungusha uani. Kidole kimoja! Mafundi wote walijaribu mmoja mmoja kama watoto kwenye bembea. Fundi wa breki anasema ukirudi atakupisha gereji.

Ila ulikuwa unacheza, mpwa wangu. Kidogo, pale katikati. Mimi nimeshika usukani kabla mama yako hajaota meno, siwezi kumpa mke wangu gari linalochezacheza nikasema ni la kisasa. Nimekaza. Robo tu, wala si zaidi, ukatulia kama maji mtungini. Woga wa kuacha nafasi huo umeurithi, si kosa lako.

Na rangi uliyoniomba nimepaka. Njano yangu imekwisha, na nyekundu haina tena mwenyewe. Nimepaka kijani. Ndiyo haki, kila mtu hapa anajua boksi lile umelifanya wewe, na jina lako likae kwenye kazi yako. Mafundi wote nimewaita wakaona. Na safari hii nilisafisha vizuri kwanza, nikakausha, ndipo nikapaka. Haitabanduka.

Aunti yako ameshapata leseni, amejisifu mtaa mzima. Kesho asubuhi anamtoa Kobe kwa mara ya kwanza, peke yake, amekataa nimsindikize, anasema bega langu litamnyima bahati. Atapita ile barabara ya kiwanda cha matofali, ndiyo yenye lami nzuri. Nimemfunga kitambaa cha bluu kichwani, kile cha mama yako, amependeza kweli.

Barua hii ikikufikia atakuwa amesharudi zamani, naye atakuandikia mwenyewe jinsi lilivyokwenda.

Mjomba wako